Uvivu: Ni Damu au Ni Malezi?

 

Mara nyingi katika nyumba zetu husikika neno hili: "Mtoto huyu ni mvivu, amefuata wajomba zake." Basi mambo yamekwisha. Mtoto amehukumiwa hata hajafika darasa la nne. Wengine hukataa hata posa, wakisema ukoo ule haujui jembe. Je, ni kweli kwamba uvivu umo katika damu?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa kuwatazama mapacha. Mapacha wa kufanana wana urithi mmoja, lakini mapacha wasiofanana hushiriki karibu nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Tangu mwaka 1979 Profesa Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachunguza mapacha waliotenganishwa wakiwa wadogo, wakalelewa katika nyumba mbalimbali. Mwaka 2015 wataalamu wengine walijumlisha makala 2,748 za uchunguzi wa mapacha. Wakiweka sifa zote pamoja, walikuta kwamba tofauti baina ya watu hutokana na urithi kwa karibu nusu, na nusu nyingine hutokana na mambo mengine. Basi asemaye damu si kitu amekosea, na asemaye ni damu tu amekosea vilevile. Wala hakuna chembe moja ya urithi iitwayo uvivu. Ziko nyingi mno, na kila moja ina nguvu kidogo tu.

Lakini liko jambo ambalo huniuma zaidi. Kule kusini mwa Marekani maskini wengi walidharauliwa miaka mingi kwa kuwa walionekana wavivu, baba na mwana na mjukuu. Ungeapa kwamba ni ukoo! Mwaka 1902 Daktari Charles Stiles alitangaza kwamba wengi wao walikuwa na safura. Magazeti yalicheka, yakamwita mnyoo huo mdudu wa uvivu. Mnyoo wa safura huingia kwa nyayo za mtu asiye na viatu, akanyagapo udongo wenye kinyesi. Kisha hukaa tumboni akinyonya damu. Mtu aliyepungukiwa damu atalimaje? Baba na mwana walikuwa wamerithishana choo kibovu na miguu mitupu. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni moja kwa kazi ya kuupiga vita ugonjwa huo.

Tusidhani ni habari za mbali. Kwetu Busia, tangu mwaka 1998, shule za msingi 75 zilitiwa katika mpango wa dawa za minyoo, zikianza kwa zamu. Katika zile zilizopata dawa, kukosa shule kulipungua kwa karibu robo. Ni watoto wangapi kati yao waliokuwa wamekwisha kuitwa watoro?

Someni Kutoka mlango wa 5. Farao aliwanyima Waisraeli majani ya kufanyia matofali, akadai hesabu ile ile, kisha akawaita wavivu. Neno hilo lilimfaa sana, kwa maana lilimwondolea lawama. Naye Mtume Paulo alipowaonya Wathesalonike juu ya chakula na kazi, alimtaja mtu asiyetaka kufanya kazi. Hakumtaja asiyeweza. Na katika Ezekieli 18 Mungu aliwakataza Israeli kuwatwika watoto hatia ya baba zao.

Kwa hiyo, mzazi, kesho asubuhi kabla hujamwita mwanao mvivu, tazama ndani ya kope zake kama zina wekundu. Uliza alilala saa ngapi, na alikula nini. Ukiwa na shaka, mpeleke zahanati. Na akiwa mzima kabisa lakini hataki tu kuamka, mpe jembe, nawe ushike lako, mwanze mstari mmoja pamoja.