Gari inakosa nguvu kwenye mlima: tafuta ugonjwa kwanza, motere ifunguliwe nyuma

Shofere anatoka Uvira na watu na mizigo. Anapita Kamanyola, anaanza kupanda Ngomo. Anakanyaga akseleratere mpaka chini, lakini gari haiendi. Nyuma yake camion inapiga honi, pembeni ni bonde. Hapo gari kukosa nguvu si mambo ya pesa tena, ni mambo ya maisha ya watu.

Akifika garaji, mara nyingi anaambiwa: « Muzee, motere yako imekwisha. » Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi ugonjwa ni mdogo, na mwenye gari anauza mbuzi bure ili anunue motere ingine.

Jambo la kwanza kujua ni kwamba mlima wenyewe unakula nguvu. Uvira iko karibu mita 770 juu ya bahari, Bukavu na Goma ziko karibu mita 1500. Kadiri gari inavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Kwa hiyo ikiwa gari imechoka kidogo tu kuliko kule Uvira, hiyo ni kawaida. Ikiwa imechoka hata kwenye barabara iliyo sawa, ama nguvu imepotea ghafla, basi kuna ugonjwa.

Pengine motere haina kosa lolote. Ikiwa inalia sana lakini gari haiongezi mwendo, ambreyaji inateleza. Ikiwa rimu moja inakuwa na moto kuliko zingine baada ya safari, freni ya gurudumu hilo imebana. Sogeza mkono karibu tu, usiguse, utaungua.

Kama hayo mawili yako sawa, fundi arudi kwenye mambo ambayo motere inaomba: hewa, mafuta, cheche ya buji kwa gari ya esansi, na mgandamizo ndani ya silinda.

Hewa ndiyo rahisi. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara zetu linaziba filtre haraka. Itoe, iangalie kwenye mwangaza. Ikiwa mwangaza haupiti, hewa nayo inapita kwa shida. Usiendeshe bila filtre: vumbi linakula silinda.

Mafuta nayo yanadanganya. Wengi wananunua bidoni kwa Kadhafi wa barabarani. Esansi iliyochanganywa na petroli ya taa inafanya motere igongegonge wakati wa kupanda. Kwa maji kuna kipimo cha nyumbani: weka mafuta kidogo ndani ya chupa inayoonyesha, mbali na moto na sigara, uiache itulie. Maji ni mazito, yatashuka chini na kufanya mstari. Ila petroli ya taa haionekani hivyo, kwani inachanganyika kabisa na esansi. Kwa gari ya mazutu, maji yanaharibu pompi na enjektere, na hizo ni bei kali.

Halafu angalia moshi. Ukiwa mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ukiwa wa bluu, motere inakula oili. Ukiwa mweupe, mzito na hauishi, huku maji ya radiatere yanapunguka, pengine joenti ya kichwa cha motere imeungua. Moshi mweupe kidogo asubuhi kwenye baridi si ugonjwa.

Buji nayo inasema. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, iko sawa. Ikiwa na masizi makavu, mafuta yanazidi. Ikiwa imelowa oili, oili inaingia ndani ya silinda.

Mwishoni tu ndipo unapima mgandamizo, silinda moja kwa moja. Ikiwa moja iko chini, kwa motere ya esansi fundi anatia oili kidogo ndani, anapima tena. Kipimo kikipanda, segma za pistoni zimechoka. Kikibaki chini, ni supape ama joenti. Hapo sasa kufungua motere kuna sababu.

Gari zenye kompyuta zinawasha taa ya motere kwenye tabulo. Mashine ya kusoma inatoa kodi, lakini kodi inaonyesha mahali pa kutafuta, haihukumu piesi. Kubadilisha piesi kwa kubahatisha ni kulipa mara mbili.

Mwenye gari ana haki ya kuomba fundi amuonyeshe buji, filtre na kipimo kabla ya kutoa franga. Na kama mshale wa joto unapanda huko mlimani, simama mahali palipo pana, weka jiwe nyuma ya magurudumu, na usifungue radiatere mpaka ipoe.