Kutu Yenye Kazi

Unguja hakuna asiyeijua kutu. Hewa ya bahari hula bawaba, mabati na nondo, na mwenye nyumba Mji Mkongwe hupaka rangi mwaka hadi mwaka akijua atashindwa tu. Ajabu ni kwamba ulaji huohuo husafisha maji ya ardhini.

Maji yanayohusika hapa ni yale yaliyoingiwa na viyeyushi vya kuondolea grisi, hasa trikloroethilini. Kimiminika hiki ni kizito kuliko maji. Kikimwagika hupenya na kuzama hadi kwenye mwamba, kikakaa huko kikiyeyuka kidogokidogo kwa miaka mingi. Marekani hairuhusu zaidi ya mikrogramu 5 katika lita ya maji ya kunywa.

Chuma kinaposhika kutu hutoa elektroni. Juu ya ardhi hupokewa na oksijeni. Chini, ambako oksijeni ni adimu, kiyeyushi huzipokea na kuachia klorini zake tatu. Klorini hizo hubaki majini kama kloridi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya kupikia, na mabaki mengi huwa ni gesi za ethini na ethani.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliona viyeyushi vinapungua vyenyewe kwenye sampuli zilizogusana na chuma. Mmoja wao, Robert Gillham, hakulipuuza, na mwaka 1991 ukuta wa chuma wa majaribio ukazikwa Borden, Ontario. Mwaka 1996, Elizabeth City, North Carolina, palizikwa ukuta wa chembe za chuma wenye urefu wa mita 46, kina cha mita 7 na unene wa sentimita 60. Maji hupita humo yenyewe, bila pampu wala umeme.

Baadaye Wei-xian Zhang wa Chuo Kikuu cha Lehigh akaja na chembe ndogo zaidi, chini ya nanomita 100, za kusukumwa kisimani pamoja na maji. Ni kali, lakini hugandana na huchoka mapema.

Je, Unguja ingefaa? Hapa maadui wanaojulikana zaidi wa visima ni vinyesi na maji ya bahari. Hata hivyo gereji zipo, na chini yake kuna jiwe la matumbawe lililojaa mapango na nyufa. Ukuta wa chuma hupenda mchanga, ambako maji hutambaa polepole kwa njia inayotabirika. Kwenye matumbawe maji yangeuzunguka, na chokaa iliyoyeyuka ndani yake ingekivika chuma ganda.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kilo moja ya chuma, mtaalamu angemwaga rangi pangoni, kisha akakaa kwenye visima na chemchemi akingoja aione itatokea wapi, na baada ya saa ngapi.