Kima, Papa na Ngano za Bibi Zetu

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), aliyewapigia waja wake mifano ili wapate kuzingatia.

Tulipokuwa wadogo, hapa Mji wa Kale, bibi yetu alikuwa akitukusanya ukumbini baada ya Isha. Husema, "Paukwa!" nasi huitikia, "Pakawa!" Ngano tuliyoipenda mno ni ya kima na papa. Kima alikuwa akimtupia papa matunda ya mti ulioinamia bahari, hata wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, na walipofika kilindini akamfunulia siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao hawatembei na mioyo, huiacha mtini. Basi arudishwe akauchukue. Aliporudishwa, akaruka juu asishuke tena. Papa alipozidi kumwita, kima akamjibu kwa ngano nyingine.

Ngano hiyo ya pili ndiyo tuliyoisahau. Bibi akafariki, Allah amrehemu, nasi hatukuwa tumeiandika. Miaka mingi baadaye binti yetu alituuliza, "Baba, kima alijibu nini?" Tukanyamaza.

Jibu tulilipata katika kitabu cha Mwingereza, Edward Steere, aliyekusanya ngano za Unguja akazichapisha London mwaka 1870. Tulifurahi, na tuliona haya pia. Kima alisimulia habari za punda wa dobi. Sungura alimlaghai punda akampeleka kwa simba. Punda akarukiwa, akaponea chupuchupu. Alipolaghaiwa mara ya pili, akarudi, akauawa. Sungura akamla moyo na masikio kwa siri, kisha akamwambia simba kwamba punda huyu hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingalirudi. Funzo hilo linamfaa kila kijana aliyekwisha kuokoka na rafiki mbaya.

Tulizidi kutafuta, tukaikuta ngano hiyo hiyo katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa, karne ya 8 miladia, kutoka lugha ya Waajemi. Waajemi nao walikuwa wameipokea kwa Wahindi, katika Panchatantra. Kwa Wahindi rafiki wa kima ni mamba. Kwa Waarabu ni kasa. Kwetu sisi watu wa pwani akawa papa. Na yule mbweha wa Kiarabu, kwetu akawa sungura.

Wako wazazi wanaotuuliza: je, yafaa kuwasimulia watoto ngano za watu wa dini nyingine? Twajibu kwamba wazee wetu hawakuikataa hekima kwa sababu ya bandari ilikotoka. Waliipima kwa mizani ya dini: iliyofaa wakaichukua, iliyokhalifu tauhidi wakaiacha. Nasi tupime vivyo hivyo. Ila mtoto aelezwe tofauti: visa vya Qur'ani, kama kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na wasia wa Luqman kwa mwanawe, ni kweli tupu, ngano za wanyama ni mifano ya kufundishia. Mtoto hashindwi kuelewa hayo akiambiwa mapema.

Enyi akina mama, hazina hii imo majumbani mwenu. Leo, kabla ya kesho, kaeni na bibi aliyebaki, Kibokoni au Kuze au popote alipo. Mwulizeni ngano moja, mwiandike katika daftari kwa maneno yake mwenyewe, na nyimbo zake. Mwulizeni jirani Mdigo, mwulizeni jirani Mhindi. Huenda mkakuta kwao ngano yenu imevaa kanzu nyingine. Kisha, baina ya Maghribi na Isha, wekeni simu kando, mwite, "Paukwa!"

Binti yetu sasa anaijua ngano yote, na huwasimulia wadogo zake. Lakini sauti ya bibi haimo kitabuni, na hiyo hatutaipata tena.

Allah atuwafikishe. Amin.