Degedege Likitulia, Nenda Kituoni

Anayetibu degedege kwa moshi ana bahati ambayo waganga wengine hawana: mara nyingi degedege hutulia lenyewe. Mtoto wa miaka miwili amepandwa na homa, macho yamegeuka juu, meno yamekazana, mikono na miguu inatupwatupwa. Kabla kinyesi cha tembo cha kumfukizia hakijashika moto sawasawa, mwili umeshalegea na mtoto anapumua. Sifa zote zinakwenda kwa moshi. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliikuta tiba hiyo, pamoja na ile ya kumkojolea mtoto, na wakaikuta pia hofu kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hofu hiyo si ujinga mtupu. Mtoto anayefikishwa hospitali siku ya tatu akiwa hoi huchomwa sindano, na pengine hufa muda si mrefu. Majirani wataikumbuka sindano, siku mbili zilizopotea hakuna wa kuzihesabu.

Wapo watakaosema kwamba hata madaktari hawalihofii degedege la homa. Ni kweli. Huwapata watoto wawili hadi watano katika kila mia, kati ya umri wa miezi 6 na miaka 5, kwa kawaida halifiki dakika 15, na wengi wao hawapati kifafa baadaye. Ila maneno hayo ya kutuliza moyo yanamhusu mtoto aliyekwisha kupimwa. Huku kwetu kwenye mbu, degedege linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na mzazi hawezi kuyatofautisha kwa macho. Daktari mwenyewe huhitaji vipimo. Tafiti za Kenya na Uganda zimeonyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne wanaonusurika malaria ya kichwa hubaki na athari katika ubongo: mwingine masomo hayapandi, mwingine maneno yanachelewa, mwingine anaanza kifafa. Basi kutulia kwa degedege si ushahidi wa kupona.

Kwamba kituo kiko mbali ni hoja nzito kuliko zote. Ndiyo maana ipo artesuneti, dawa ya malaria ya kuwekwa njia ya haja kubwa, ambayo mhudumu wa karibu aliyefunzwa humpa mtoto kabla ya safari. Haimalizi tiba, inanunua muda tu. Na wauguzi nao wana sehemu yao: mama akikaripiwa kwa sababu ya hirizi shingoni mwa mwanawe, siku nyingine atachelewa zaidi. Wakati degedege limeshika, mlaze mtoto kiubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, tazama saa. Likipita dakika tano, hiyo ni dharura, ondoka naye hivyo hivyo. Likitulia mapema, mfunge mgongoni uende kituoni usiku huo huo, usingoje kupambazuke.