Uvimbe wa ovari: si kila mara kisu

Kutoka Koboko hadi Arua ni kilomita 55 hivi. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu 500. Mwanamke akiambiwa ana uvimbe kwenye ovari, huanza kupiga hesabu ya nauli na ya nani atabaki na watoto, hata kabla hajaufikiria ugonjwa wenyewe.

Kabla hajauza mbuzi, aambiwe hili: kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, uvimbe mwingi wa ovari ni vifuko vya maji vinavyoletwa na mzunguko wa mwezi, navyo hunywea vyenyewe ndani ya miezi miwili mitatu. Utrasaundi, subira, kisha utrasaundi tena. Basi.

Upo usionywea. Mwingine hukutwa na mafuta na nywele ndani, nao mara nyingi hutolewa. Siku hizi si lazima tumbo lipasuliwe. Daktari hutoboa tundu dogo kitovuni, huingiza gesi ya kaboni dayoksaidi tumbo liinuke, kisha hupitisha kamera nyembamba. Kwa matundu mengine mawili au matatu, ya nusu sentimita hivi, huumenya uvimbe taratibu huku macho yake yakiwa kwenye skrini, na ovari ikabaki. Mara nyingi mgonjwa huruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake. Aliyepasuliwa tumbo huweza kukaa wiki sita bila kushika jembe, na kwa mkulima wa Koboko huo ni msimu mzima wa palizi.

Kazi hii inataka mtaalamu wa usingizi, vifaa na umeme usiokatika, nao umeme ndio ulioitesa West Nile, ukanda wa Arua na Koboko, miaka mingi ya kutegemea bwawa dogo la Nyagak na jenereta. Kampala ina hospitali maalumu ya wanawake Mulago tangu 2018. Lakini Hospitali ya Rufaa ya Arua ndiyo kimbilio la ukanda mzima, wakimbizi wa Sudan Kusini wakiwamo. Huduma hii iwe hapo, ya kudumu, kwa bei ya mkulima.

Nawe msomaji, maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo la chini, pamoja na kutapika, yanaweza kuwa ovari iliyojisokota. Hayo hayasubiri Kampala wala asubuhi: nenda hospitali ya karibu usiku huohuo. Na aliyekwisha koma hedhi akiona tumbo linajaa, akapimwe saratani mapema.