Ujuzi Usioandikwa Kwenye Faili

Mali kubwa ya ofisi ya mawakili, wakaguzi wa hesabu au washauri wa biashara haifungiwi ghalani. Imo vichwani mwa wafanyakazi, na kila jioni hupanda daladala kurudi nyumbani. Mkaguzi aliyekaa miaka 20 akistaafu, makabati hubaki yamejaa faili, lakini jicho lake la kutambua hesabu zilizopikwa huondoka naye.

Mwaka 1999, Morten Hansen, Nitin Nohria na Thomas Tierney walieleza katika jarida la Harvard Business Review njia mbili ambazo kampuni za ushauri zilitumia kutunza maarifa. Ernst & Young na Andersen Consulting ziliweka kazi zilizokwisha kufanywa kwenye kompyuta, ili ya mteja mmoja imfae mwingine. McKinsey na Bain ziliegemea watu: mwenye swali alitafutiwa mtu aliyewahi kukutana nalo, wakae wazungumze. Njia ya kwanza hufaa kazi zinazojirudia. Ya pili, zile ambazo hazina mfano.

Ila si kila ujuzi hukubali kuandikwa. Mpishi hodari wa pilau akiulizwa kipimo cha chumvi hujibu kwamba anakadiria tu, na hafichi kitu. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliufafanua ujuzi wa aina hiyo katika kitabu chake cha 1966, The Tacit Dimension.

Mfano mzuri zaidi, ajabu yake, haukutoka kwa wenye tai. Julian Orr, mwanaanthropolojia wa kampuni ya Xerox aliyewahi kuwa fundi, alifuatana na mafundi wa mashine za fotokopi nchini Marekani. Kampuni iliwapa miongozo minene. Safari moja mashine ilionyesha namba ya hitilafu, dawa iliyotajwa na mwongozo ikajaribiwa, mashine ikagoma. Fundi na mtaalamu aliyeitwa kumsaidia wakabaki mbele yake kwa saa kadhaa, huyu akikumbushia mashine iliyowahi kumtesa, yule akidakia kwa kisa chake, mpaka ugonjwa ukajulikana. Msimamizi apitaye angedhani wanapiga soga.

Baadaye Xerox ilijenga mfumo wa Eureka, ambamo mafundi waliandika mbinu zao na mafundi wenzao wakazihakiki kabla hazijasambazwa. Kilichowavuta kuandika hakikuwa malipo. Kila mbinu ilibeba jina la aliyeibuni, nayo heshima hiyo iliwatosha.

Hapo ndipo utamaduni wa ofisi unapoishinda kompyuta. Kunahitajika mkubwa asiyeona ujuzi kuwa ngao ya cheo chake, na kijana asiyeona haya kusema hajui. Mifumo ya malipo mara nyingi huwavunja moyo wote wawili. Katika ofisi nyingi za mawakili wanaotoza kwa saa, muda hurekodiwa kwa vipande vya dakika 6, kila kimoja na mteja wake. Mwanafunzi wa sheria anapobisha hodi na kuomba aelekezwe namna ya kuandika hati ya mkataba, nusu saa atakayopewa haina mteja wa kuilipia.