Mgeni na Milima ya Korea

Vijana wetu waendao Korea ya Kusini kusoma, twaonelea wasijifungie vyumbani. Sehemu kubwa ya nchi ile ni milima, na wenyeji, hata wazee, hupenda mno kuipanda. Kaskazini ya Seoul kuna kilele cha Baegundae, mita 836. Njiani mtu usiyemjua hukupa chungwa au kipande cha tango. Pokea kwa mikono miwili, ndiyo adabu yao, nayo haiko mbali na yetu. Lakini wakishuka, wengi hunywa makgeolli, nayo ni pombe ya mchele, ingawa ni nyeupe kama maziwa. Hapo kataa kwa upole, wala usiondoke barazani. Nyama, uliza kwanza. Siku ya Ijumaa uko msikiti wa Itaewon, uliofunguliwa mwaka 1976. Nao u juu ya kilima.